Samaki Wasioletwa na Mvua

Cha kwanza alichokiona Domitila kilikuwa kidevu. Alikuwa amepiga magoti kwenye jiwe la kufulia, ukingoni mwa lambo, akisugua shati la kaka yake, na povu la sabuni lilipotawanyika akamwona samaki, ngege mmoja, amesimama majini, karibu kabisa, kama mgeni aliyefika mlangoni akasita kubisha hodi. Kidevu chake kilikuwa kimevimba. Domitila alichomoa kipande cha kiporo cha ugali alichokuja nacho, akamega, akamtupia. Tonge lilipita mbele ya pua yake, likazama, na ngege hakufungua mdomo.

Domitila akaacha kufua. Akatazama kushoto na kulia, pale maji yalipokuwa ya magotini, akayaona mashimo chini ya maji. Yalikuwa ya duara, mapana kama masinia, mengine yamefagiliwa hata udongo wake uling'aa. Ndani ya kila shimo dume jeusi lilizunguka likiwafukuza wenzake.

"Wameanza," alisema kwa sauti ya kunong'ona, ingawa hapakuwa na mtu. "Wameanza, na kokoro linakuja Jumamosi."

Aliyajua mashimo yale. Dume huchimba, jike huja kutaga, kisha jike hukusanya mayai yote mdomoni na kuondoka nayo. Tangu hapo hali kitu. Hukaa na njaa yake mpaka vifaranga vianguliwe, na hata vikishatoka nje kucheza, kivuli cha ndege kikipita juu ya maji mama hufungua mdomo navyo hurudi ndani vikisukumana, kama watoto wa shule kengele ikilia. Domitila alikuwa amelitazama jambo hilo mara nyingi na bado halikumchosha. Alichoshindwa kuelewa ni mama anajizuiaje asimeze.

Kijiji kizima cha Nkololo kilimjua ngege wa namna hiyo, ila kilimjua vibaya. Mwanamke akipasua samaki akakuta mdomoni mwake vimejaa visamaki vidogo, aliguna na kumtupa kwa mbwa. "Mla wanawe," walimwita. Mwenye mimba aliambiwa ageuze uso. Bibi harusi hakupikiwa kabisa ngege wa lambo, mtu akichelea asije akafungua nyumba kwa nuksi. Mara moja Domitila aliwahi kuwaambia wanawake wenzake kwamba yule samaki hali watoto, anawaficha. Wakamtazama, wakatazamana, mmoja akamuuliza kama samaki mwenyewe ndiye aliyemwambia. Hakurudia tena.

Lakini hilo la mla wanawe lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa jingine.

Lambo lile lilichimbwa na kijiji kizima kwa majembe, enzi za kufanya kazi kwa pamoja, kwa ajili ya ng'ombe. Halikuwa na samaki. Lilikuwa na vyura, ruba, na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Kisha ukaja mwaka mmoja wa mvua kubwa, na baada ya mvua ile wanawake waliokuja kuchota maji wakashangaa kuona ndoo inarukaruka. Habari ikaenea. Mzee Machibya, ambaye babu yake alikuwa mganga wa mvua, alisimama juu ya tuta la lambo na fimbo yake akasema babu amewakumbuka, amewatumia samaki kwa njia ya mawingu. Kijiji kikampa mbuzi mweusi. Tangu hapo waliitwa samaki wa mvua, na Machibya hakukosa fungu lake kila mara watu walipovua.

Hawakuletwa na mvua. Waliletwa na Domitila, kwenye kibuyu cha maziwa.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yao alikuwa amefariki, kaka yake Januarius alikuwa sekondari, na ng'ombe walihitaji mtu. Domitila akatolewa shule, darasa la tano, katikati ya muhula, akapewa fimbo. Kiangazi kile alipeleka ng'ombe malishoni mbali, kandokando ya Mto Simiyu, pamoja na wachungaji wa ukoo wa baba yake waliokuwa watu wazima na hawakuwa na la kuongea naye. Mto ulikuwa umekatika vipandevipande. Katika dimbwi moja lisilozidi ngozi ya ng'ombe aliwakuta ngege wamebanana, migongo nje, na mmoja wao alikuwa na kidevu kilichojaa. Mawingu yalipoanza kujikusanya na mifugo ikageuzwa kurudi nyumbani, akawatia wachache kibuyuni. Alibadilisha maji kila alipokuta maji. Wengine walikufa njiani, akawafukia. Waliobaki aliwamimina lamboni jioni moja ng'ombe wakinywa, akasimama akatazama wakipotea kwenye tope, akaenda nyumbani kukamua.

Hakuna aliyemuuliza kibuyu kilikuwa na nini. Watu hawakuwa na mazoea ya kumuuliza Domitila kitu. Na mzee Machibya alipopewa mbuzi, mtoto wa miaka kumi na mitatu angesemaje? Angemnyang'anya mzee mbuzi mkononi? Akanyamaza. Ukinyamaza jambo mwaka wa kwanza, wa pili huwa gumu zaidi. Sasa alikuwa msichana wa kuolewa, na samaki wamejaa lambo zima, na jambo lenyewe limegeuka jiwe tumboni.

Kokoro, ule wavu mrefu wa kukokotwa kwa kamba, lilikuwa wazo la Januarius.

Januarius alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha ushirika, mtu wa shati jeupe na kalamu mfukoni, na msimu wa pamba ukifika wakulima walimwamkia kwa mikono miwili. Kisha ikaruhusiwa kampuni za watu binafsi zinunue pamba. Walikuja na mizani yao, na makarani wao, na magari yaliyopiga muziki, na ghala la ushirika likabaki na popo. Januarius alibaki na baiskeli na shati. Alijaribu mitumba, akauziwa robota la makoti ya baridi kali ambayo hakuna mtu wa Bariadi angeyavaa. Alijaribu chumvi, mvua ikaivamia. Kila asubuhi alipiga pasi shati lake kama mtu aliyeitwa mahali, kisha akakaa nalo barazani.

Ndipo akakutana na Marcelo, mfanyabiashara wa samaki mwenye lori, mtu wa ziwani. Marcelo alimweleza kwamba huko kwao sangara amewamaliza ngege, na sangara mwenyewe anaishia viwandani, minofu inapanda ndege, wananchi wanabakiziwa mapanki, mifupa mitupu na kichwa. Watu wa mjini wanaota ngege. Yeye anazunguka kwenye malambo kuwatafuta. Alishavuta lambo la Mwandoya, alishavuta la Migato. Januarius alirudi nyumbani siku hiyo macho yanawaka, akala ugali amesimama.

Jioni ile, baada ya kuanika shati, Domitila alimkuta kaka yake uani anatia upepo baiskeli.

"Kaka."

"Naam, dada."

"Lile kokoro."

"Jipya. Nimeliona kwa macho yangu. Usiogope, halichaniki."

"Siogopi lichanike." Alishika tandiko la baiskeli. "Wana watoto mdomoni sasa hivi."

"Nani?"

"Ngege."

Januarius alicheka, si kwa ubaya. "Dada, hata wawe wanawapeleka watoto kliniki, Jumamosi wanapanda gari."

"Mkivuta sasa hawatabaki."

"Hatuhitaji wabaki. Mvua hiyo hapo inakuja. Italeta wengine."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Domitila alipaona kama mtu anavyoona upenyo kwenye boma. Lakini maneno yake yalikuwa na tabia mbaya: yalipanda vizuri kutoka kifuani, yakafika kooni, yakakaa pale yakingoja mtu ayafungulie.

"Mvua ya Migato haikuleta," alisema badala yake. "Nilisikia mashineni, tukisaga. Lambo lao lina maji tele na hakuna samaki hata mmoja."

"Migato hawana mzee Machibya," alisema Januarius, akajaribu tairi kwa kidole gumba. "Dada, sikiliza. Marcelo ataleta saruji ya kumalizia darasa. Kijiji kizima kitaona. Mimi nitakuwa wakala wake huku, malambo yote ya huku. Unajua ni muda gani sijaitwa mahali nikaenda?"

Alijua. Yeye ndiye aliyefua lile shati.

Kesho yake alikwenda kwa mzee Machibya. Alimkuta kibarazani anabangua karanga, maganda yamemjaa mapajani.

"Mwangaluka, guku," alimwamkia kwa Kisukuma, kama mjukuu kwa babu.

"Mwangaluka, mayu. Karibu. Mama hajambo? Ng'ombe?"

"Hawajambo." Domitila alichukua karanga kadhaa akaanza kumsaidia kubangua, maana mikono ikifanya kazi ulimi wake haukuogopa sana. "Guku, wewe ukikataa, hawatavuta kokoro."

"Kwa nini nikatae? Babu atatuma wengine."

"Na kama si mvua iliyowaleta?"

"Basi ni nani? Walipanda basi la Bariadi?" Mzee alicheka mpaka maganda yakaanguka. "Kondakta, tushushie hapo lamboni!"

"Kama ni mtu?"

Kicheko kikaisha taratibu. Machibya akamtazama kwa muda, akabangua karanga moja, akaitia mdomoni.

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

"Mjukuu wangu, mtu huyo nina neno lake, ukimwona mpelekee. Anayetia kitu chenye uhai kwenye maji wanayokunywa ng'ombe wa watu, siku ndama wa mwenzake akifa, ataulizwa alitia na nini kingine. Na hawataishia kwake. Wataangalia ana mama, na mama ana macho ya namna gani. Mama yako macho yake yamekuwa mekundu siku hizi."

"Ni moshi, guku. Anapikia kinyesi cha ng'ombe, kuni hakuna."

"Mimi najua ni moshi," alisema Machibya kwa upole. "Mimi."

Domitila alirudi nyumbani akiwa na karanga mkononi, hakula hata moja; alijua huku kwao mwanamke mwenye macho mekundu huitwa mchawi. Hakuweza kuamua kama mzee alikuwa anamtisha au anamkinga, au alikuwa anamkinga mbuzi wake mweusi. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba yote matatu yaliwezekana kwa pamoja. Alimkuta mama yake, Mektilda, amejikunja mbele ya mafiga anapuliza moto, machozi yanamtoka. Domitila akamsogeza, akapuliza yeye.

Mkutano wa kijiji uliitishwa Alhamisi ndani ya ghala la ushirika, kwa sababu lilikuwa tupu na lilikuwa na kivuli. Nyuzi za pamba ya zamani bado ziling'ang'ania kwenye mbao za paa. Wanaume walikaa mbele kwenye vigoda walivyokuja navyo, wanawake chini, nyuma, karibu na mlango. Mwenyekiti wa kijiji, Salvatory, alimpa nafasi Januarius, na Januarius akasimama na lile shati.

Alisema vizuri. Domitila aliona fahari na hasira kwa wakati mmoja, zikisukumana.

"Wakati wa kungoja tuletewe umekwisha," alisema Januarius. "Sasa ni soko huria. Mwenye pamba anauza pamba, mwenye samaki anauza samaki. Sisi tuna samaki tuliopewa bure kutoka juu, tunaacha wazeeke majini. Na wakiisha? Mzee Machibya, wakiisha tutafanyaje?"

Machibya alinyanyua fimbo kidogo. "Mvua ipo," alisema.

Watu wakapiga makofi.

"Kuna mwenye neno?" aliuliza Salvatory.

Domitila alisimama. Hakujua kwamba atasimama, miguu ilimtangulia. Vichwa vikageuka safu kwa safu, kama mtama ukipigwa na upepo.

"Eeh! Mtoto wa Mektilda kasimama!"

"Leo mvua itanyesha kabla ya siku zake!"

"Mwacheni aseme," alisema Salvatory. "Sema, binti."

"Mimi," alisema Domitila. "Mimi nasema, hawa ngege. Hawa wenye, mdomoni…"

"Sauti!"

"Anaongea na nzi huyo?"

Ghala likacheka. Domitila alihisi masikio yake yanaungua. Alimtafuta Machibya kwa macho, akamkuta anatazama ncha ya fimbo yake. Aliona macho ya mama yake, mekundu, yakimwomba aketi. Neno lilikuwa palepale kooni, zima, halikukosa herufi, na halikutoka.

Januarius akaja kumwokoa. Hilo ndilo lililomuuma kuliko kicheko.

"Jamani, dada yangu ana haya, mnamjua," alisema. "Juzi alinieleza nyumbani anachotaka kusema. Wale wala wanawe wamezidi lamboni, kina mama hawawataki jikoni mwao. Ameona waondolewe. Sasa namhakikishia yeye na kina mama wote: Marcelo atawachukua hao hao kwanza. Huko waendako hakuna anayejali."

Wanawake walipiga vigelegele. Salvatory alisema kina mama wameunga mkono, hoja imepita. Domitila alikuwa bado amesimama, kiganja kimefunguka mbele yake kama mtu anayeonyesha kitu. Jirani akamvuta khanga aketi.

Walipotoka nje mama mmoja alimshika bega akamshukuru. "Wabeja, mayu. Umetusemea."

Domitila alikwenda mpaka nyuma ya ghala, akaupiga ukuta wa mabati teke moja. Ukatoa mlio mkubwa mno. Akatazama huku na huku, akaondoka haraka kwa aibu.

Jumamosi lori la Marcelo lilifika na barafu iliyofukiwa kwenye maranda ya mbao. Marcelo mwenyewe alikuwa mnene, mcheshi, kofia kisogoni. Watu walikuwa wamejaa kwenye tuta kama siku ya mnada. Wanaume wakavua mashati. Kokoro lilizungushwa upande wa maji ya kina kifupi, upande wa yale mashimo, kamba mbili zikavutwa nchi kavu, na Januarius alishika kamba ya mbele akiimba pamoja na wavutaji. Domitila alikuwa hajamsikia kaka yake akiimba tangu ushirika ufe.

Wavu ulipotua kwenye tope ulikuwa unachemka. Fedha, kijivu, wekundu kidogo kwenye tumbo la madume. Watu walipiga kelele za furaha. Na majike yalipoguswa na hewa yalifungua midomo, yakawatema watoto wao. Walimwagika juu ya tope kwa maelfu, wadogo kuliko punje ya uwele, macho tu na mkia. Waliruka mara moja, mara mbili, wakatulia.

"Si mnaona!" alisema mwanamke mmoja. "Si mnaona walivyokuwa wamewala!"

"Mla wanawe, laana hiyo!"

"Nyie mna mambo," alisema Marcelo akitupa samaki kwenye barafu. "Sisi kwetu tunakula kichwa, mayai, na hao wanawe tunawaita mchuzi. Vuta, vuta, barafu hainingoji!"

Domitila alikuwa amechuchumaa kwenye tope. Alijaribu kuwakusanya kwa viganja kuwarudisha majini, lakini walikuwa wanateleza na tope, na kila alipowaokoa kumi kiatu cha mtu kilikanyaga mia. Watoto walimwona wakadhani ni mchezo, wakaanza kurusha matope. Akaacha. Mikono yake ilikuwa imejaa, akaipangusa kwenye khanga, na khanga ikawa na macho.

Sehemu iliyobaki ilikuwa ya kina, kule chini ya tuta, ambako maji hayakauki hata kiangazi. Wale waliokimbia mvuto wa kwanza walikuwa wamejificha huko. Marcelo aliwaonyesha kwa mkono. "Mzunguko mmoja tu na huko, tumemaliza kazi."

Wakauzungusha wavu. Januarius alijifunga kamba kiunoni, akaweka miguu sawa.

Domitila aliingia majini. Maji yalimfika magotini, kiunoni, akaifikia kamba pale ilipokuwa imekaza, akaipitisha kwapani na kuishika kwa mikono miwili.

"Toka huko, dada! Kamba itakukata!"

"Sitoki."

"Amesemaje?"

"Kasema hatoki!"

"Bubu kapata mdomo leo!"

"Jamani, barafu!" alilia Marcelo. "Nani mwenye mtoto huyu?"

"Mvua haikuwaleta," alisema Domitila. Sauti ilitoka ndogo. Akasema tena, na safari hii ikapita juu ya maji ikafika kwenye tuta. "Mvua haikuwaleta hawa. Niliwaleta mimi. Niliwatoa Mto Simiyu kwenye kibuyu. Mkiwamaliza hakuna wengine."

Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata, lakini si wote. Kulikuwa na waliogeuka kutazamana. Kulikuwa na mwanamume mmoja, ndama wake alikufa mwezi uliopita, ambaye hakucheka kabisa. Domitila alimwona. Alimwona pia mama yake mwenyewe, ameshika kichwa.

Mzee Machibya akashuka tuta hatua mbili. "Mtoto amepatwa na jua," alisema kwa sauti ya kuwasikizisha watu wote. "Mtoeni akalale. Si mnaona alivyo? Ni jua tu." Na macho yake yalimwambia Domitila: shika hiyo, uondoke nayo.

Ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi. Angeweza kutoka majini, akalala ndani siku mbili, watu wangesahau, na mama yake angeendelea kupuliza moto wake kwa amani. Domitila aliufikiria mlango ule kwa muda wa pumzi moja.

"Sina jua, guku," alisema. "Nina akili zangu."

Januarius alikuwa amejifungua kamba kiunoni. Aliingia majini na suruali yake, akaja mpaka mbele yake, akamsemesha kwa sauti ya chini, uso umempauka. "Unajua unachokisema? Unajua watu hawa watakavyolizungusha neno hilo?"

"Najua."

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Mwaka gani?"

"Ulipokuwa shule. Mwaka ule wa baba."

Nyuma yao Marcelo alikuwa anahesabu hasara kwa mdomo, na wavutaji wa upande wa pili walikuwa wanauliza wavute au wasivute. Januarius aliwapa mgongo. Alikuwa anamtazama dada yake kama mtu aliyeonyeshwa chumba ndani ya nyumba anayoishi, chumba ambacho hakujua kipo.

"Kwa nini?" aliuliza. "Njia yote ile, na ng'ombe, mtoto mdogo. Kwa nini ubebe samaki, Domitila?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Aliangalia mikono ya kaka yake kwenye kamba. Ilikuwa imelegea, ikingoja jibu. Maneno yakapanda kutoka kifuani, yakafika kooni mahali pale pa siku zote.

"Nilikuwa nalia, kaka," alisema. "Mlinipa fimbo mkanipeleka porini, na nilikuwa nalia kila siku, na hamkuwahi kuniuliza. Nilipowaona hawa ndipo nikaacha."